Shokapu za kubadilisha kwenye Hiace 4WD: ipi kwa mzigo upi na barabara ipi

Mwenye vani ya 4WD akifika dukani akaomba "shokapu ngumu", atauziwa, maana muuzaji hana sababu ya kumkatalia. Haichukui muda analalamika kwamba gari likiwa tupu linadunda, na likijaa bado linakaa kitako. Yote mawili yalikuwa yanajulikana tangu mwanzo. Shokapu haibebi uzito. Uzito unabebwa na springi, na shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya kukandamizwa. Inafanya hivyo kwa kuyalazimisha mafuta yapite kwenye matundu madogo ya pistoni, na nguvu ya mtikisiko inageuka kuwa joto. Nyuma ikilala ukipakia, tatizo lako ni springi: majani yamechoka, au mzigo umezidi. Kwenye mbele ya Hiace, ambako springi ni ile nondo ndefu ya tosheni, huenda bolti ya kurekebisha urefu imelegezwa au nondo imechoka. Maliza hilo kwanza. Yote yanayofuata hapa yanachukulia kwamba springi ni nzima.

Mfano wetu ni Hiace ya kizazi cha H200, iliyoingia sokoni Japani mwaka 2004. Mbele kila gurudumu linajitegemea kwa tosheni. Nyuma vani ina ekseli nzima juu ya springi za majani. Vani za Mitsubishi Delica na Nissan Caravan zina mengi ya kufanana nayo, lakini urefu na vishikio vya shokapu vyao ni vingine kabisa.

Hakikisha kwanza kwamba zilizopo zimekufa

Kile kipimo cha kukandamiza kona ya gari na kuhesabu linadunda mara ngapi kinadanganya kwenye vani yenye springi za majani. Majani yanasuguana yenyewe kwa yenyewe, na msuguano huo unatuliza gari hata kama shokapu za nyuma zimebaki makopo matupu. Kipimo cha kweli ni joto. Endesha kilomita 15 hadi 20 kwenye barabara mbovu, simama, kisha usogeze mkono taratibu karibu na kila shokapu kabla ya kuigusa, kwa sababu nzima inaweza kukuunguza. Za ekseli moja zinatakiwa kukaribiana joto. Iliyobaki baridi haifanyi kazi.

Mafuta nje ya shokapu yanasomwa hivi: ukungu mwembamba uliokamata vumbi sehemu ya juu ni kawaida, kwa sababu rodi lazima itoke na utando kidogo wa mafuta ili sili isikauke. Mafuta yanayoteremka hadi kwenye kishikio cha chini yanamaanisha sili imekwisha. Angalia na tairi: ikiliwa kwa mabonde-mabonde kuzunguka duara lake, gurudumu limekuwa likiruka barabarani. Kelele ya "kokoko" kwenye vishimo vidogo, kwa upande mwingine, mara nyingi ni bushi iliyokwisha au nati ya juu iliyolegea. Watu wamewahi kuuziwa shokapu nne kwa tatizo la bushi ya bei ndogo, na kelele ikabaki pale pale.

Shokapu zinabadilishwa kwa jozi, mbili za ekseli moja kwa wakati mmoja. Kuchanganya mpya na ya zamani kwenye ekseli moja kunalifanya gari livute upande ukifunga breki kwenye barabara mbovu.

Aina zenyewe

Kuna jina la kampuni na kuna muundo wa ndani, na muundo ndio wa kuanzia. Kampuni moja inaweza kutengeneza miundo mitatu tofauti: KYB, kwa mfano, ina Premium ya mafuta matupu, Excel-G ya mirija miwili yenye gesi, na Gas-A-Just ya mrija mmoja. Kwa hiyo "nipe KYB" haijasema kitu.

*Mirija miwili, mafuta matupu.* Ndani kuna mrija ambamo pistoni inapanda na kushuka, na nje yake mrija wa pili wa akiba ya mafuta, juu kukiwa na hewa ya kawaida. Ni rahisi, laini, na ya bei ya chini kuliko zote. Kwenye lami haina shida. Kwenye barabara ya changarawe yenye viwimbi vilivyoshikana, kama ile ya Serengeti ya kutoka lango la Naabi kwenda Seronera, pistoni inapanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde, hewa inachanganyika na mafuta, na mafuta yanageuka povu. Povu linapita kwenye matundu bila upinzani wowote. Dereva anahisi gari limeanza kuelea, usukani umekuwa mwepesi, na nyuma inatembea kwenye kona. Akisimama nusu saa shokapu zinapona, ndiyo maana wengi hawajui kilichotokea.

*Mirija miwili yenye gesi.* Muundo ni ule ule, ila badala ya hewa kuna naitrojeni yenye shinikizo la chini, bari chache tu. Gesi hiyo inayabana mafuta yasitoe mapovu upesi. Inachelewesha tatizo, haiondoi. Excel-G iko hapa, na Old Man Emu Nitrocharger pia, ingawa hiyo ya pili imejengwa kwa vyuma vinene zaidi na kwa magari ya safari. Kwa vani nyingi za kazi mchanganyiko, nusu lami nusu vumbi, hili ndilo jibu, na kutafuta zaidi ya hapo ni kutumia pesa bila sababu.

Faida moja ya mirija miwili haisemwi sana madukani: jiwe likiigonga na kubonyeza mrija wa nje, pistoni haijui. Iko ndani ya mrija wake. Shokapu inaendelea na kazi.

*Mirija miwili yenye fomu.* Tough Dog na Ironman za Australia zinajulikana kwa hizi. Badala ya gesi huru, kwenye nafasi ya akiba kuna fomu, yaani sponji yenye vijumba vidogo vilivyofungwa, kila kimoja kikiwa na gesi yake. Fomu inanywea rodi ikiingia na kutanuka ikitoka, na kwa kuwa gesi haigusani na mafuta, povu halipatikani kirahisi. Mwili wake kwa kawaida ni mnene na una mafuta mengi, kwa hiyo inachelewa kupata joto. Unene huo huo ndio wa kuangaliwa kwenye 4WD: mbele kuna shafti ya kuzungusha gurudumu na buti lake la mpira, na nafasi ni finyu. Kabla ya kulipia, pima. Baada ya kufunga, gurudumu likiwa linaning'inia, zungusha usukani mwisho kulia na mwisho kushoto, na usikubali mwanya wa chini ya milimita 10 kati ya shokapu na buti, paipu ya breki au tairi.

*Mrija mmoja, gesi ya shinikizo kubwa.* Hii ndiyo iliyowapa Bilstein jina. Mafuta na naitrojeni viko kwenye mrija mmoja, vimetenganishwa na pistoni ya pili inayoelea. Gesi ina bari 20 hadi 30. Mafuta hayatoi povu kwa sababu hayana hewa ya kukutana nayo, na joto linatoka haraka kwa kuwa mafuta yanagusa moja kwa moja ukuta unaopigwa na upepo. Kwa kuwa hakuna mrija wa pili, pistoni nayo inaweza kuwa kubwa zaidi ndani ya mwili wa unene ule ule. Kwa viwimbi vya saa nzima bila kupumzika, hakuna ya kuishinda humu.

Ina gharama zake mbali na bei. Gesi inaisukuma rodi nje muda wote: rodi ya milimita 14 kwa bari 25 inasukuma kwa nguvu ya karibu kilo 39. Shokapu mbili za mbele zitainua pua ya gari kidogo na kufanya vishimo vidogo vya mjini visikike zaidi. Halafu mrija wake ndio njia ya pistoni. Jiwe likiubonyeza, pistoni inakwama au sili yake inakatika, na shokapu hiyo imekwisha. Kwenye barabara za mawe makali weka kinga ya bati au mpira mgumu upande unaotazama gurudumu la mbele.

*Ya kurekebishwa.* Koni Heavy Track ni mfano unaojulikana. Ni ya mafuta, na nguvu yake wakati rodi inatoka inaweza kuongezwa. Kwa nyingi za aina hiyo unaitoa kwanza kwenye gari, unaikandamiza mpaka mwisho na kuizungusha, kwa hiyo si kitu cha kubadilisha kila asubuhi. Inamfaa mtu mwenye mzigo wa kudumu, na vilevile mtu anayetaka kuikaza shokapu inapoanza kuchoka.

| Aina | Viwimbi vya muda mrefu | Ikigongwa na jiwe | Gari likiwa tupu | Bei |
|---|---|---|---|---|
| Mafuta matupu | Inachoka mapema | Inavumilia | Laini | Ya chini |
| Mirija miwili na gesi | Wastani | Inavumilia | Nzuri | Ya kati |
| Fomu | Nzuri | Inavumilia | Nzito kidogo | Juu ya kati |
| Mrija mmoja | Bora | Dhaifu | Ngumu mjini | Ya juu |
| Ya kurekebishwa | Nzuri | Inavumilia | Kulingana na ulivyoiweka | Ya juu |

Ugumu, na kwa nini "ngumu zaidi" inaharibu

Shokapu ina nguvu mbili: ya kuingia na ya kutoka. Ya kutoka karibu kila mara ni kubwa zaidi, kwa sababu ndiyo inayoizuia springi isirushe gari. Ukinunua iliyotengenezwa kwa tani nzima ya mzigo ukaifunga kwenye gari tupu, springi haina nguvu ya kuirudisha chini haraka. Gurudumu linapanda kiwimbi cha kwanza, halijamaliza kushuka cha pili kimefika, halafu cha tatu. Gari linazidi kujikunja mpaka ekseli inagonga stopa za mpira, na dereva anaapa kwamba shokapu mpya ni feki. Shokapu haina kosa, ila gari hilo halibebi mzigo iliotengenezewa.

Kwa hiyo hesabu mzigo wako wa siku ya kawaida, achana na ule wa siku ya harusi. Abiria 14 kwa kilo 70 ni kilo 980. Begi la kilo 10 kila mmoja, unafika 1,120. Hiyo ni vani iliyojaa, asubuhi na jioni, na inahitaji nguvu ya mzigo mzito nyuma. Ambulansi ni kinyume chake: dereva, muuguzi, mgonjwa, ndugu mmoja, kitanda na mtungi wa oksijeni hazifiki hata nusu ya hapo, na aliyelala nyuma anahisi kila jiwe. Mirija miwili yenye gesi ya ugumu wa kawaida inamfaa mgonjwa kuliko mrija mmoja wa kifahari, labda kama ambulansi yenyewe inashinda kwenye viwimbi.

Gari la watalii ndilo gumu kuamua, kwa sababu linabeba kidogo lakini linapigwa sana. Hapo fomu au mrija mmoja wa ugumu wa kati una maana. Unacholipia hapo ni uvumilivu wa joto. Vani iliyojengwa ndani kitanda, jiko, tangi la maji na betri ya pili imebeba mzigo wa kudumu: ipeleke kwenye mizani ikiwa na maji na mafuta, ekseli moja moja, kisha ununue kwa namba hiyo. Wanaobeba saruji Jumatatu na kurudi tupu Jumanne wanunue za ugumu wa kati na kuendesha taratibu wakiwa tupu, kwa sababu hakuna shokapu ya kawaida inayojua siku mbili hizo.

Viwimbi vina dawa nyingine isiyouzwa dukani. Kupunguza upepo wa tairi kidogo ukiwa na mzigo mwepesi kunaiondolea shokapu sehemu ya kazi, na kupunguza mwendo kunaiondolea zaidi. Ukiwa umejaza gari, upepo usiuguse: tairi laini chini ya mzigo mzito linachemka na kupasuka.

Urefu na namba

Ya 4WD na ya 2WD zinaweza kufanana kwa macho zikiwa mezani. Usinunue kwa kusema "Hiace boksi". Soma kibati cha gari: KDH201 ni ya dizeli ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma, KDH206 ni 4WD, TRH219 ni 4WD ya petroli ya mwili mpana. Namba za Toyota zenyewe husaidia pia: shokapu za mbele huanza na 48510 au 48511, za nyuma 48530 au 48531. Muuzaji akitoa ya nyuma yenye namba ya mbele, ameshakujibu kuhusu duka lake.

Ukitaka kufunga isiyo ya gari lako, au gari limeinuliwa, hesabu mwenyewe. Gari likiwa chini na mzigo wake wa kawaida, pima kutoka katikati ya tundu la juu la shokapu hadi katikati ya la chini. Tuseme milimita 460. Pima mwanya kati ya ekseli na stopa ya mpira: 75. Stopa nayo inakandamizika, tuseme 25. Toa 75 na 25 kwenye 460, inabaki 360. Shokapu unayonunua lazima ikikandamizwa mpaka mwisho iwe 360 au pungufu. Ikiwa 370, itafika mwisho kabla ya stopa, na kila shimo kubwa litapigwa na rodi ya shokapu yenyewe; zinapasuka valvu za chini au kukatika vishikio, na shokapu inalaumiwa bure. Upande wa pili, inua gari mpaka magurudumu yaning'inie, upime tena: ikitanuka kabisa lazima iwe ndefu kuliko namba hiyo, la sivyo shokapu ndiyo itakayokuwa mnyororo wa kubeba ekseli hewani.

Kuinua mbele kwa kukaza tosheni kuna mpaka. Zaidi ya takribani sentimita 4 hadi 5, pembe ya shafti za mbele inakuwa kali, buti zinachanika na jointi zinafuata. Shokapu ndefu haziponyi hilo.

Mitumba na za kujazwa

Za mtumba kutoka Japani zimejaa Gerezani ya Dar es Salaam, Grogan ya Nairobi na Kisekka ya Kampala, na si zote ni takataka. Isimamishe wima kama inavyokaa kwenye gari, ikandamize na kuivuta mara tano au sita. Upinzani unatakiwa uwe ule ule mwanzo hadi mwisho wa njia. Ukigeuza mwelekeo kukawa na sehemu inayoenda bure kabla ya kushika, rudisha. Ya gesi ikikandamizwa na kuachiwa lazima irudi yenyewe. Isiporudi, gesi ilishaondoka. Pitisha ukucha kwenye rodi: kutu au mkwaruzo unaokamata ukucha utakula sili. Nunua jozi yenye namba moja, na ujue kwamba huna njia ya kujua imetembea kiasi gani.

Za "kujazwa mafuta" ni habari nyingine. Fundi anatoboa mrija, anaingiza mafuta ya hydroliki au ya giaboksi, anaziba kwa kuchomelea. Sili iliyovuja ni ile ile, sasa imeongezewa joto la kuchomelea, na mafuta mazito ya gia yanaifanya ngumu kama fimbo asubuhi na kulegea mchana. Inashika kwa muda mfupi, ukilinganisha na bei ya jozi mpya za mafuta matupu hasara inaonekana wazi. Mrija mmoja usitobolewe kabisa: kwa bari 25 mafuta yanatoka kwa kasi ya kumpofusha aliyeshika drili.

Kufunga

Paka dawa ya kulegeza kutu kwenye bolti siku moja kabla. Ukifungua nyuma, egemeza ekseli kwa jeki, kwa sababu shokapu ikitoka ekseli inashuka na kuvuta paipu ya breki. Gari lenyewe lisimame kwenye stendi, si jeki.

Mpya ya mirija miwili iliyolala stoo ina hewa ndani ya njia ya pistoni. Isimamishe, ikandamize na kuivuta mara nne au tano mpaka iwe sawasawa, kisha ifunge bila kuilaza tena. Ya gesi huja imefungwa kwa mkanda: anza kuiweka kishikio cha juu ndipo ukate mkanda.

Nati ya juu ndiyo inayoua shokapu mpya nyingi. Fundi anaibana rodi kwa praisi na kukwaruza krome, au anatumia bunduki ya upepo rodi inazunguka na kulegeza pistoni ndani. Shika bapa za rodi kwa spana, kaza nati kwa mkono mpaka mpira utanuke ulingane na upana wa washa. Zaidi ya hapo mpira unapasuka, pungufu yake unaanza kugonga. Washa za kikombe zina upande. Piga picha kabla ya kufungua.

Bolti zenye bushi, juu ama chini, zikazwe mwisho gari likiwa limeshuka na magurudumu yamebeba uzito. Ukizikaza gurudumu likiwa linaning'inia, bushi inakamatwa ikiwa imejipinda na inachanika kwa miezi badala ya miaka. Baada ya kilomita 100 hadi 200 rudi ukaguse nati zote. Alaimenti haihitajiki kwa kubadilisha shokapu peke yake kwenye mbele ya aina hii, hata kama gereji imeiweka kwenye bili. Inahitajika ukigusa bolti ya tosheni au mikono ya wishboni.